Ufa Uliopita Nyuma ya Jiko Letu

Mhandisi alikuja mjini Baraka kutafuta ufa. Sisi wenyeji tulidhani nyufa tunazo za kutosha: kwenye kuta, kwenye barabara ya kwenda Fizi, kwenye ahadi za waheshimiwa wanaotukumbuka kila uchaguzi unapokaribia. Yeye alitaka ufa wa pekee, ufa wa mwamba, uliofunikwa na udongo, usioonekana kwa macho. Mwamba mzima hauhifadhi maji, alitueleza. Ukiutoboa utapata vumbi la mawe na aibu. Maji hukaa pale mwamba ulipovunjika. Kazi basi ni kupajua pale ulipovunjika bila kupaona, kwa vyombo, halafu mashine ije itoboe foraji, yaani kisima kirefu chembamba chenye pampu juu yake.

Foraji ilikuwa moja. Mradi ulikuwa na shimo moja kwa kartie nzima, mtaa wetu wote, na mhandisi hakutuficha hilo. Likitoka kavu, mashine ingepakiwa na kurudi Uvira, na sisi tungebaki na ziwa letu. Ni ziwa zuri sana, muulize yeyote ambaye hajalinywa. Tunaoshea humo sahani, nguo, pikipiki na sisi wenyewe, kisha tunachota pale pale ya kunywa, na kila msimu wa mvua kipindupindu kinatutembelea kama ndugu asiyehitaji mwaliko. Msimu uliotangulia kilimtembelea mke wangu. Nilimpakia kwenye pikipiki, yeye katikati yangu na dereva, tukampeleka kwenye hema la wagonjwa. Nilikaa nje juu ya ndoo iliyofudikizwa, na mimi ninayewacheka wanafunzi wangu kwa hirizi zao nilimwahidi Mungu mambo ambayo sitayarudia hapa. Alipona. Siku aliyorudi nyumbani alichukua bidoni, dumu letu la maji, akaenda ziwani, kwa sababu ndani hakukuwa na maji. Nilikasirika sana, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Kwa hiyo niliposikia kwamba mhandisi anatafuta msaidizi, nilijipeleka. Nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa, nasikia Kifaransa chake na Kiswahili cha mama zetu, na zaidi ya hayo mwalimu wa kwetu huwa na muda mwingi, hasa miezi ambayo serikali inasahau kuwa yupo.

Mhandisi alikuwa mtu wa Kinshasa. Watu wa Kinshasa wakifika kwetu huongea polepole na kwa huruma, ungedhani sisi wote tumelazwa. Alikuwa amesomea ng'ambo, na miaka yake mingi ya kazi aliimalizia katika milima ya nchi za mbali ambako, alisema, sakafu ya bahari ya kale ilisukumwa ikapanda juu ya nchi kavu. Nilimwomba arudie. Akarudia. Huko mawe ni ya kijani kibichi kilichokolea, yanateleza mkononi kama sabuni, na yamejaa chuma chenye sumaku. Mwamba wa namna hiyo ukivunjika, yale mawe ya kijani hujipenyeza kando ya ufa, na anayepita juu na kipima sumaku anauona ufa kwenye skrini, mstari mnyoofu kama wa rula. Alikuwa amechora nyufa nyingi kwa njia hiyo na aliyapenda mawe yale kupita kiasi. Nimewasikia wanaume wakiwasifu wake zao kwa maneno machache kuliko hayo.

Mwamba wa kwetu si sakafu ya bahari yoyote, na mwanzoni yeye mwenyewe alilisema hilo. Lakini siku moja aliokota jiwe la kijani kwenye mchanga wa mto Mutambala, akalilamba, akalitia mfukoni, na tangu hapo bahari yake ilikuwa imemfuata mpaka Baraka. Aliniuliza nalionaje. Nililiona ni la kijani, nikakubali.

Kutembea na kipima sumaku aliniachia mimi. Ni kisanduku unachokivaa kifuani, na fimbo ndefu yenye kichwa unachokibeba mbele yako, na sharti lake ni moja: mbebaji asiwe na chuma mwilini. Hakuna mkanda, hakuna funguo, hakuna simu, hakuna kiatu chenye msumari. Ndivyo profu mzima, maana ndivyo mwalimu anavyoitwa kwetu, alivyotembea katikati ya kartie na suruali iliyofungwa kwa kipande cha kitenge cha mke wake, mbele ya wanafunzi anaowafundisha nidhamu. Walinisalimia kwa heshima kubwa, mmoja mmoja, wakizunguka nyuma ya nyumba ili wanisalimie tena.

Chuma cha watu wengine nacho kilikuwa adui. Pikipiki zisimame tukipita. Nyumba za mabati tuziepuke kabisa, kwa sababu bati linavuruga chombo. Mhandisi alirudia jambo hilo asubuhi na jioni: mbali na mabati, profu, mbali na mabati. Basi tukaziacha nyumba zilizo kando ya njia, tukaingia nyuma, kwenye mihogo iliyo kati ya majiko na kilima, ambako hapakuwa na paa hata moja. Nilitembea mstari baada ya mstari. Majirani waliniangalia, na jioni waliniuliza kwa sauti ya chini dhahabu iko wapi. Kwetu Fizi mtu anayetembea akitazama chini anatafuta dhahabu, hakuna jibu lingine. Nilipowaambia natafuta maji walinipigapiga begani, wakasema ni sawa, kila mtu ana familia.

Na ufa ukaonekana. Kwenye skrini ya mhandisi vilele vya sumaku vilijipanga kimoja nyuma ya kingine, sambamba na njia, kutoka upande wa kanisa mpaka kupita kiwanja chetu. Alivinakili kwenye ramani ya karatasi, akachora mstari mwekundu juu yake, akaniita nitazame, akaninunulia bia. Pale mstari ulipokuwa na nguvu zaidi alipigilia kijiti chenye utepe. Palikuwa nyuma ya jiko letu, katika mihogo ya mama yangu.

Mama alikipokea kijiti kile kama mkwe. Lazima nieleze sababu, maana si mapenzi ya jiolojia.

Nilipokuwa mtoto nyumba yetu ilikuwa ya mabati. Vita ilipofika, watu wa Baraka walifanya walichokuwa wakifanya kila mara vita ilipofika: kabla ya kukimbia waliipanda nyumba, wakang'oa mabati, manjanja kama tunavyosema sisi, wakayapanga, wakayafunga kwa mkeka na kuyazika. Huwezi kuvuka ziwa na paa kichwani. Mahali pa kuzika pakawa siri, na siri hiyo haikuwa na watu wengi: mwenye nyumba na mke wake, basi. Baba na mama waliyazika yetu chini ya mchikichi nyuma ya jiko. Kisha mama alitangulia na sisi watoto ufukweni, baba akafuata baadaye, tukavuka kwenda Tanzania. Baba alifia kambini huko, kwa homa ya siku chache, na hakuwahi kutuachia maneno mengi.

Tuliporudi, mama alishika jembe kabla hajashika chungu. Alichimba chini ya mchikichi akakuta udongo mtupu. Aliinua macho, na ng'ambo ya ua akaona jiko la jirani yetu, mjane kama yeye, aliyekuwa ametangulia kurudi. Jiko lile lilikuwa na mabati. Mama aliyatambua mara moja kwa matundu ya misumari. Jirani alisema ameyanunua sokoni Kazimia. Akaongeza jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingekuwa heri asingelisema: kwamba marehemu mume wake alimwambia kuwa usiku ule wa kukimbia alimsaidia baba yangu kuyahamisha mabati yetu mahali pengine, wapi hakumwambia. Mama alimjibu mbele ya wanawake wote waliokuwa wakifua ziwani. Alimwita mwizi, na mwongo anayewasingizia wafu. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Wanakaa viti viwili nyuma na mbele kanisani, na wakifika kwenye kupeana amani mama ghafla anakumbuka kufunga kilemba.

Sasa unaelewa kijiti. Foraji ingekuwa nyuma ya jiko letu, na yule mwizi angelazimika kuja na bidoni yake mkononi, kila siku ya maisha yake yaliyobaki, kumwomba mama maji. Mama alikuwa ameanza mazoezi ya jinsi ya kumkubalia. Nilimsikia akiwa peke yake jikoni, akijaribu sauti.

Kulikuwa na kasoro ndogo tu. Mhandisi alikuwa na chombo cha pili, cha umeme: unapigilia misumari mirefu ardhini, unaiunganisha kwa waya na betri ya gari, na unapima udongo na mwamba vinaupitisha umeme kwa ugumu kiasi gani. Palipo na maji umeme unapita kwa urahisi. Chini ya kijiti chetu ulipita kwa shida kweli kweli. Palikuwa pakavu na pagumu. Penye unyevu, eneo pana la mwamba uliovunjika, palionekana ng'ambo ya ua, kwenye kiwanja cha jirani. Mhandisi alisema umeme umedanganywa na ukavu wa udongo wa juu. Alilieleza hilo kwa Kifaransa kizuri kiasi kwamba ningeweza kulifunga kwenye fremu. Mtu aliyeupenda mstari wake hatauacha kwa sababu ya betri.

Mashine ilikuwa tayari inapakiwa Uvira. Nilikaa mezani na ile ramani mchana mmoja, nataka tu kuifurahia, na badala ya kuifurahia nikaanza kuisoma. Vilele vilikuwa vyembamba na vikali. Ninawafundisha watoto kila mwaka kwamba kitu kilicho mbali chini huonekana kipana na hafifu, na kilicho karibu huonekana chembamba na kikali. Ufa wa mhandisi, kwa hesabu hiyo, ulikuwa chini kidogo tu ya mizizi ya mihogo. Kisha nikaona kwamba una mapengo. Hapa kilele, hapa kilele, hapa hakuna kitu, hapa kilele. Nikaanza kuvipa viwanja wenyewe wa zamani, kama ninavyowakumbuka. Ufa wetu ulikuwa wa heshima sana: uliruka kila nyumba iliyokuwa ya nyasi, na ukasimama nyuma ya kila nyumba iliyokuwa na mabati.

Nilicheka peke yangu. Nyumba zetu zote zilijengwa kwa mstari mmoja kando ya njia, majiko nyuma kwa mstari mmoja, na kila baba aliyekuwa na haraka alichimba nyuma ya jiko lake, na wengi hawakurudi kufukua. Tulikuwa tumeepuka kila bati lililo juu ya nyumba ili tutembee vizuri juu ya yale yaliyolala chini. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbuka mke wangu katikati yangu na dereva, kichwa chake kimelegea mgongoni mwa mtu asiyemjua. Kijiti kile kilikuwa juu ya mwamba mkavu. Shimo moja tulilopewa lingetobolewa kupitia paa la mtu.

Nilikwenda kuwauliza majirani. Kumbe hakuna mtu aliyewahi kuzika kitu. Watu ninaowajua tangu utoto, niliolala chini ya mabati yao wakati wa mvua, waliniambia kwamba nyumba zao zilikuwa za nyasi. Niliwaelewa. Aliyekuwa bado hajachimba aliogopa wezi, na aliyekuwa amechimba alikuwa na sababu nzuri ya kutotaka mtu aulize amechimba kwa nani. Chifu wa kartie alinipa kiti, akanipa na ushauri.

"Profu, kitu muntu alifichaka, iko yake. We tafuta mayi tu."

Nilimweleza kwamba hatutayapata maji kwa namna hiyo. Akasema mhandisi amesoma. Na mhandisi, nilipompelekea hoja yangu, alinisikiliza kwa uungwana, akageuza lile jiwe la kijani mfukoni mwake, akasema nimemletea hadithi na yeye anahitaji bati. Nimwonyeshe moja tu atang'oa kijiti kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa haki. Nilirudi nyumbani kuomba ruhusa ya kuchimba pale kijiti kilipo.

Mama alikuwa anamenya mihogo. Nilimweleza yote, na kabla sijamaliza niliona kwamba amekwisha kufika mwisho na ananingoja huko. Ikiwa kuna bati chini ya kijiti, basi halikuibwa, wala haliko kwenye jiko la jirani.

"Ya kwangu wezi baliibaka," alisema. "Bantu bote banajua."

Nilisema hakuna ubaya kuhakikisha. Akasema hapo ni mihogo yake na mwenye haja ya kuchimba akachimbe kwa mama yake mwingine. Akanigeuzia mgongo na kiti chake. Mtu anayemfahamu mama yangu anajua kwamba mazungumzo yalikuwa yameisha, pengine kwa mwaka mzima. Nilibaki nimesimama na elimu yangu yote.

Mke wangu alikuwa ameingia kutoka ziwani wakati tunaongea. Alitua bidoni. Alikaa juu yake kidogo, apate pumzi. Tangu augue pumzi yake haikurudi yote. Kisha akainuka, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akapita mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya bila kuinama, akaenda kwenye kijiti. Pale alisimama akamgeukia.

"Munisamehe, mama. Mi njo mwenye kunywaka ile mayi ya ziwa."

Akaanza kuchimba. Nilitaka kumpokea jembe, akanisukuma kwa kiwiko. Mama hakugeuka. Aliendelea kumenya, mhogo ule ule, mpaka ukabaki mwembamba kama mwiko. Jembe liliingia kwenye udongo, likaingia tena, likapita mizizi ya mihogo, na mara likalia. Hakuna anayeikosea sauti ya jembe juu ya bati. Watu wa kartie, ambao hawakuwahi kuzika kitu, waliitambua wote kwa pamoja, na muda si mrefu ua wetu ulikuwa umejaa.

Tuliyatoa kwa mikono. Mkeka ulikuwa umeoza, na mabati ya juu yalikuwa yameliwa na kutu mpaka kidole kikapita, lakini ya chini yalikuwa bado mabati, na misumari ya baba imefungwa humo ndani katika kopo la maziwa. Mhandisi alifika akihema. Aliyatazama, akachuchumaa, akalitoa lile jiwe la kijani mfukoni na kuliweka juu ya rundo, polepole. Kisha akang'oa kijiti. Nitamheshimu kwa hilo. Nimewahi kufanya kazi na wasomi ambao wangetoboa.

Mama alikuja mwisho, watu wakampisha. Ng'ambo ya ua jirani yetu alikuwa amesimama, mikono kwenye miti ya ua, anayaona yote. Alikuwa na maneno mawili matatu ambayo alikuwa na haki ya kuyasema, na alikuwa ameyangoja miaka mingi. Hakuyasema. Mimi ningeyaimba. Mama hakumtazama. Alitazama umbali ulio kati ya shimo na kisiki cha mchikichi, ambao si mkubwa. Mtu angeweza kuuvuka akiwa na shehena, usiku, akisaidiwa na jirani mmoja.

"Hakuniambiaka," alisema.

Alisema hivyo tu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alihitaji mwizi. Miaka yote ile nilidhani ana hasira ya mabati. Mabati yakiibiwa, mume amebaki yule yule. Mabati yakihamishwa, kuna usiku mmoja ambao mume alimwamini mwanaume mwenzake kuliko mke wake, kisha akaishi naye kambini, akaugua, akafa, asimwambie. Nilimwonea huruma mama.

Lakini foraji bado ilikuwa moja, na mashine ilikuwa imefika Baraka na kusimama njiani, imezungukwa na watu wanaoisifu. Sasa mhandisi aliiamini betri. Alipima tena, akapima tena, na kila mara eneo la unyevu likaja pale pale: nyuma ya jiko la jirani, lile lenye matundu ya misumari. Tulikwenda kumwomba mahali, mimi, chifu na mhandisi. Alitusikiliza vizuri, akatupa na viti, akauliza maswali kuhusu kelele ya mashine. Kisha akasema mahali atatoa bure, ila hatampa yeyote kati yetu.

"Aliniita mwizi na kinywa yake," alisema. "Akuje aombe na ile ile kinywa."

Chifu alianza hotuba kuhusu maendeleo. Jirani alimwacha amalize, kisha akaingia ndani.

Nilimfikishia mama ujumbe huo nikiwa nimesimama karibu na mlango, kwa tahadhari. Alifagia ua mzima, hata sehemu iliyokwisha kufagiliwa. Mke wangu alikuwa anatayarisha bidoni kwenda ziwani, na mama alimtazama akizisuuza, akamtazama akizibeba, akamtazama mpaka akapotea kwenye njia. Kisha akaingia ndani na kutoka amevaa kitenge chake cha Jumapili. Akaniambia nisimfuate. Nilimfuata, ila kwa mbali kidogo, nikasimama nyuma ya ua kama mwizi halisi.

Jirani alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alimwona, akaendelea kuchambua. Mama alisimama katikati ya uwanja ambao hakuukanyaga tangu turudi.

"Manjanja yangu iko kwangu," alisema. "Haukuiba. Naomba fasi ya mayi."

Jirani alisogeza ungo, akamwonyesha kigoda. Mama alikaa. Jirani akarudia ndagala zake, na mimi mguu ukanifa ganzi. Nilidhani sasa yatakuja yale maneno aliyoyahifadhi, na nilikuwa tayari kuona ni haki yake. Yakaja mengine.

"Wangu naye hakuniambiaka," jirani alisema. "Alijua fasi ya bwana yako. Ya kwetu akaenda nayo kaburini."

Mama alimtazama, kisha akatazama juu, kwenye mabati ya Kazimia yenye matundu yake. Nilisikia kitu ambacho nilidhani ni kilio, nikachungulia. Walikuwa wanacheka, wote wawili, bila kutazamana, wamefunika midomo kwa vitenge. Baadaye kidogo mama aliniita kwa sauti kubwa, kwa kuwa alijua wazi nilipo, akaniagiza nilete ile karatasi yenye mstari mwekundu.

Mhandisi aliona aibu kuitoa. Alitaka kuichana, alisema ni ramani ya kosa. Nilimweleza kwamba ni ramani nzuri kuliko zote alizowahi kuchora, isipokuwa haina ufa hata mmoja ndani yake. Kilele cha kiwanja cha jirani kilikuwa kidogo, upande wa mbali, kwenye mihogo, mbali na pale mashine itakapotoboa. Nilihesabu hatua, nikakanyaga, nikasema hapa.

Siku ya kutoboa kartie yote ilikuja, pamoja na wale wa nyumba za nyasi za uongo. Baadhi yao waliniita pembeni, mmoja mmoja, wakauliza kama ile karatasi inaonyesha na upande wa kwao, wanauliza tu. Mashine ilinguruma ikatoa vumbi la mawe, na mhandisi akatembea huku na huko akiligusa vumbi hilo kwa vidole. Kwa saa nyingi lilikuwa vumbi. Mke wangu alikaa chini na bidoni tupu kati ya magoti. Mimi nilikwenda nyuma ya choo cha jirani nikamwahidi Mungu yale yale ya mwanzo, nikiongeza na mengine.

Vumbi likageuka tope, na tope likageuka maji. Watu walipiga vigelegele, chifu akaanza tena ile hotuba. Nilimtafuta mama ili ayaone. Alikuwa upande wa mbali, kwenye mihogo, ameinama na jirani yake juu ya shimo lao. Walikuwa wanapokezana jembe moja. Hawakugeuka kwa vigelegele. Jirani alipiga, akasikiliza, akampa mama. Mama akapiga, akasikiliza. Mara jembe likalia, na jirani akakaa chini pale pale kwenye udongo.

Mama aliingiza mikono, akayapapasa mabati, akamwambia kitu ambacho sikukisikia. Kisha akainuka, mikono yote miwili imejaa kutu mpaka kwenye viwiko, akamwita mkwe wake amletee maji ya kunawa. Mhandisi alipaza sauti kwamba maji ya kwanza hayatumiki, kwanza yapimwe. Mke wangu alijaza bidoni, akampita, akaenda kuwamiminia wote wawili, mmoja baada ya mwingine.